Dume wa Ezron

Kijiji kizima cha Itaka kilimjua dume wa Ezron. Baba yake dume huyo alikuwa Friziani, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, wa shamba moja la misheni, mama yake ng'ombe wa kienyeji, na mitamba aliowazaa kwenye mazizi ya majirani walikuja kutoa lita nane kwa siku pale ambapo mama zao walitoa mbili. Ezron alimsifia hata nje ya kanisa baada ya ibada.

Mitamba aliowazaa zizini kwa Ezron walipofikia umri wa kupandwa, Judith, afisa mifugo wa kata, alimshauri amwondoe dume zizini, maana angewapanda wanawe mwenyewe na ndama wangezaliwa dhaifu. Mdogo wake Ezron, Jairo, aliyeishi kijiji cha Mbebe, alikuwa na dume chotara wa ukoo mwingine. Mara mbili alituma salamu kwamba wabadilishane. Ezron hakujibu. Hawakuwa wakisemeshana tangu msiba wa mama yao, walipogombania shamba la kahawa.

"Ni ng'ombe tu, Baba Fides," mkewe Ferista alimwambia.

"Sitaki kitu cha Jairo humu ndani."

Dume akabaki. Ndama wa kwanza alizaliwa mdogo kama mwanambuzi, akafa siku ya tatu. Wa pili alikuwa kipofu. Mitamba wengine walipandwa mara nne, tano, wasishike mimba, na mama lishe wa mji mdogo wa Mpemba aliyekuwa akichukua maziwa yake akatafuta kwingine. Ezron alilaumu majani, akalaumu kupe, akabadilisha dawa ya kuogeshea. Moyoni alijua.

Ilimchukua miaka minne kwenda Mbebe kuomba wabadilishane madume. Jairo alimkaribisha chakula, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia dume yule walimchinja Agosti, kwenye harusi ya binti yake Pendo.

Kadi ya harusi hiyo Ezron aliipata. Aliitupia juu ya kabati bila kuifungua.

"Tulikuwekea kiti, kaka," Jairo alisema. "Mpaka jioni."

Ezron aliomba kuona picha. Alizitazama moja moja.

Dume wake alimuuza kwa wachinjaji wa Tunduma. Siku hizi Judith huja kuwahimilisha ng'ombe wake, akiwatia mbegu za dume kwa mrija. Kati ya majike sita, wawili wameshika mimba. Ferista humwambia huo ni mwanzo mzuri. Ezron huitikia kwa kichwa, kisha huendelea kukata majani.