Majivu Kuzunguka Jiko

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Kikula, kibanda cha jiko cha mtu kikiungua watu hawakuuliza nani alikuwa na kiberiti, waliuliza nyumba gani iko na mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Na nyumba hiyo ilikuwa yetu. Mdogo wangu Ngoie, hata kusema vizuri alikuwa hajajua, lakini walisema mtoto wa namna hiyo anawasha moto akiwa amelala.

Kiangazi kile liliungua jiko moja la nyasi, likafuata lingine, na kila mara Baba Kasongo, jirani yetu, ndiye alikuwa wa kwanza kupiga kelele.

"Kaku, ule mutoto yako ya meno atatumaliza! Muhame!"

Kaku, bibi yetu aliyetulea, hakuacha kupepeta unga wake. "Nihame, halafu parseli, hiki kiwanja chetu, unabakia nayo weye?"

Watu walicheka. Lakini mama mmoja alikuwa ameshika jiwe, nikaliona, nikamvuta Ngoie nyuma ya magunia ya makaa, nikamziba mdomo asilie.

Jioni ile Kaku alichekecha majivu, laini kama unga, akayamwaga kuzunguka jiko letu lote. "Mulozi anaweza kupita mu hewa," akasema, "lakini mbele ya majivu lazima akanyage." Mimi niliitazama miguu ya Ngoie. Je, kesho tukikuta kijiguu kidogo?

Kulipokucha tulikuta kitambaa kinachonuka petroli, kimeungua nusu kikazimika chenyewe chini ya nyasi za paa zenye umande. Na kwenye majivu, alama ya buti kubwa, kisigino kimekatika upande. Kaku hakupiga kelele. Aliifunika kwa beseni, akanituma kumwita shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu.

Shefu akawaita wanaume wote waje na viatu vyao. Baba Kasongo akaja peku.

"Buti yako iko wapi?"

"Bameiiba, shefu."

"Nani? Mutoto wa meno?" Kaku akauliza.

Buti ikapatikana chini ya kitanda chake, bado na majivu, polisi wakamchukua. Nilidhani yamekwisha. Lakini yule mama wa jiwe akasema polepole, "Sawa, mguu ni wa Kasongo. Lakini nani alimutuma?" Na wote wakamgeukia Ngoie.

Kabla mvua hazijaanza, Kaku alimpeleka kwa shangazi yetu, mji wa Kambove. Hakurudi tena kuishi nasi.

Leo mimi ni mama, na juzi kibanda cha mbao kiliungua kwenye avenyu yetu. Namwagia maji makaa kabla ya kulala, nachekecha majivu mlangoni kama Kaku, na najua ni mguu wa mtu mzima ninaoungoja. Majivu hayakudanganya. Yalimpata Kasongo, Ngoie hayakumrudisha.

Na mwanangu ameota meno yake ya kwanza. Ya juu. Akicheka mbele ya watu, namfunika uso na kitenge, nasema ana mafua.