Doa Kwenye Kochi la Wakwe

Aron alikuwa dereva wa lori la maziwa huko Sotik, mtu wa kanisa, tena msafi wa mavazi. Kwa miaka mingi alikuwa na bawasiri, na hakuna aliyejua. Kila akiona damu chooni aliimwagia maji upesi, asije mtu akaiona. Suruali zake akaanza kuzifua mwenyewe, hata mkewe Chepchirchir akashuku kuna mwanamke pembeni. Aron akaona afadhali ashukiwe hivyo kuliko aseme ukweli.

Siku ya koito, sherehe ya posa, walipokwenda Kapsoit kumposea mwana wao Kipkurui, wazee walikaribishwa kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe. Mazungumzo yakawa marefu. Aron alijikaza, akitabasamu huku jasho linamtoka. Waliposimama kuomba, alihisi suruali imelowa. Kugeuka, akaona doa jekundu pale alipokuwa ameketi.

Edinah, mama wa msichana aliyeposwa, naye aliliona. Alivua shali yake, akaitupa juu ya doa, akaendelea kuitikia "Amina." Wema huo ulimchoma Aron kuliko kicheko. Alitoka amejifunga koti kiunoni, akasingizia tumbo, chakula hakugusa.

"Tangu lini, Baba Kipkurui?" mkewe alimwuliza walipofika nyumbani.

"Tangu huyu kijana yuko primari."

"Na mimi nilidhani ni mwanamke," Chepchirchir akasema, akaanza kulia.

Hospitalini, daktari alikuwa msichana wa umri wa kitinda mimba wake. Aron alilala ubavu, akajifunika uso kwa kofia. Alitamani kitanda kimmeze.

"Hatutakata nyama, mzee," daktari alimweleza. "Tunaingiza waya mwembamba wa leza, tunakausha mshipa kutoka ndani. Kidonda ni kidogo, jioni unarudi nyumbani. Lakini sikudanganyi, kuna wengine inawarudia."

Ikawa hivyo. Choo cha kwanza kilimtoa machozi, lakini kwa kukalia maji ya uvuguvugu kwenye karai maumivu yakapungua siku baada ya siku. Wiki ya pili haikuisha kabla hajarudi kwenye usukani.

Miezi kadhaa baadaye akaona damu tena, kidogo tu. Mkono ulikuwa umeshashika ndoo ili aimwagie maji. Akaiweka chini.

"Mama Kipkurui," aliita. "Njoo uone."

Walirudi kwa daktari pamoja. Uvimbe mdogo uliobaki ulifungwa kwa mpira palepale kliniki, bila kulazwa, na tangu hapo hajaona damu.

Harusi ilifanyika Desemba. Aron aliketi ibada nzima bila kujisogeza. Baadaye Edinah alikuja kumsalimu.

"Mko salama, Baba Kipkurui? Mlipona?"

"Nilipona kabisa, mama."

Ilikuwa kweli. Lakini alijibu akiangalia viatu vya yule mama, na akauachilia mkono wake mapema kuliko ilivyo heshima.