Fundi wa vyerehani na pikipiki mbili: 'Kila anayenishauri namwamini'

Saa moja na robo asubuhi. Mwanamke wa miaka 43 amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, sikio kalibandika ubavuni mwa cherehani kana kwamba anasikiliza siri. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu polepole. Washonaji wawili wamesimama pembeni, futi za kupimia shingoni, wakingoja hukumu.

"Si sindano," anasema bila kuinua kichwa. "Ndoano ya chini inachelewa. Sindano inashuka, inabisha hodi, haikuti mwenyeji."

Anafungua skrubu mbili, anasogeza ndoano kiasi kisichozidi upana wa unywele, anafunga. Cherehani kinashona mstari mmoja mrefu bila kuruka hata mshono. Mshonaji mmoja anapiga makofi.

Washonaji humwita Mama Bobini. Kwa miaka 17 amekuwa akizunguka karakana za nguo akitengeneza vyerehani, sita kwa siku, kazi zikichangamka kumi. Wanasema mashine ikikohoa yeye hujua imelala vibaya upande gani.

Lakini kwa wiki saba zilizopita, mashine mbili zilimtoa jasho pasipo kuzifungua hata skrubu moja. Zote ni pikipiki. Moja ni ya mipigo miwili, ile ambayo watu huiita ya kuchanganya oili, kwa kuwa kila ukijaza petroli lazima utie na oili yake. Nyingine ni ya mipigo minne. Alitakiwa achague moja, na hata kuendesha alikuwa hajui.

"Mimi ni mtu wa mashine," anasema, akicheka kwa aibu kidogo. "Lakini hapo nilikuwa kama kipofu aliyeulizwa achague rangi. Kila anayenishauri namwamini. Akija mwingine akasema kinyume, naye namwamini."

Begi lake la vifaa lina uzito wa kilo 11. Kwa siku hutembea kilomita zipatazo 14, na goti lake la kushoto limeanza kudai haki yake. Akipanda gari, robo ya kipato cha siku inaishia kwenye nauli.

Kilichomsukuma hasa ni chuo cha ushonaji kilichoko juu ya mlima, nje kidogo ya mji. Kina vyerehani 32 vinavyohitaji kukaguliwa kila Jumanne. Asubuhi hakuna gari linalopanda huko, na kwa miguu ni saa moja na nusu.

"Mkuu wa chuo aliniambia kazi ni yangu, mradi nifike saa mbili asubuhi, kabla wanafunzi hawajakaa," anasimulia. "Akanipa miezi miwili nijipange. Kazi kama ile kwa mtu wa goti langu haipiti mara mbili."

Baba mkwe wake, mzee wa miaka 74 anayeishi nyumba ya pili kutoka kwao, alikuwa msambazaji wa barua. Aliposikia mkwewe anatafuta pikipiki, alikuja mwenyewe akiisukuma ile yake, imeng'arishwa hadi unajiona usoni.

"Unatafuta nini nje na ndani kipo?" alimwambia. "Chukua hii, mwanangu. Injini yake haina maringo. Pistoni ikipanda na kushuka mara moja, imeshawaka. Hizo nyingine zinapanda na kushuka mara mbili ndipo ziwake mara moja. Safari yote hiyo ya nini?"

Zawadi ya mkwe haikataliwi. Mama Bobini alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaenda kujiandikisha shule ya udereva. Huko ndiko mambo yalikoanza kumchanganya.

Mwalimu wake, ambaye wanafunzi wamembatiza Taratibu kwa sababu ndilo neno lake la kwanza na la mwisho, alitikisa kichwa alipoambiwa habari za ile pikipiki.

"Mama, ya kuchanganya oili ni ya mtu aliyekwisha kujua," alimwambia. "Unafungua resi, kimya. Unaongeza, kimya. Halafu ghafla inaruka na wewe. Na kwenye mteremko ukiachia resi, injini haikushiki, umebaki wewe na breki zako. Jifunze na ya mipigo minne. Ina subira."

Shule ilikuwa na moja kama hiyo, imetumika miaka mitatu, na ilikuwa ikiuzwa. Mzee alipopelekewa maneno hayo alicheka hadi akakohoa. "Huyo hakufundishi, anapigia debe mali yake!"

Mama Bobini akaenda kwa fundi wa pikipiki wa mtaani. Siku ya kwanza fundi akamwambia ya mipigo miwili ni nyepesi, haina valvu, anaifungua kwa spana chache. Kesho yake, fundi yuleyule akamwambia plagi yake huchafuka upesi, inakunywa petroli, na moshi wake utawakera watu wa chuo.

"Nilikwenda kwake na swali moja, nikarudi na matano," anasema Mama Bobini.

Mume wake, mpaka rangi, alijitoa mapema. "Baba ni wangu, mke ni wangu," anasema, brashi mkononi. "Nikitoa kauli, nitalala wapi?"

Basi akawa anajifunza zote mbili. Jumatatu na Alhamisi uwanjani kwa Taratibu, Jumamosi na mzee kwenye barabara ya vumbi nyuma ya maghala. Alichofundishwa huku kilikuwa kosa kule.

Mzee alisisitiza jambo moja: vidole viwili vikae juu ya klachi wakati wote, hata barabara ikinyooka. Taratibu akaviona vidole hivyo akapandwa na hasira. "Toa! Siku ya mtihani utakatwa alama kwa hivyo vidole. Klachi si fimbo ya kutembelea!"

"Nikawa nimelala usiku najiuliza, hivi vidole vyangu ni vya nani?" anasema.

Wiki ya tano, Jumamosi saa nne asubuhi, mzee alijaza petroli mwenyewe kama kawaida yake, akafunga tenki, akaketi kwenye kigoda kando ya barabara. Mama Bobini aliondoka, akaweka gia ya pili, ya tatu. Kwa mara ya kwanza, anasema, alianza kuifurahia. Pikipiki ilikuwa nyepesi, inaitika.

Kisha akasikia mlio ukibadilika. "Ulikuwa mkavu. Cherehani kikikosa mafuta hulia vile. Nikasema moyoni, mbona kama naujua mlio huu?"

Hakupata muda wa kujijibu. Injini ilijikaba, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, pikipiki ikaanza kuserereka upande. Vile vidole viwili vikabana klachi vyenyewe. Gurudumu likaachana na injini, likazunguka tena, pikipiki ikajiendea hadi kwenye majani, ikasimama. Yeye yuko juu yake, mzima.

Alirudi akiisukuma. Mzee akasema resi ilifunguliwa kupita kiasi. Taratibu alipopata habari akasema, "Nilisema." Fundi wa mtaani akasema pistoni imekwama, mambo ya kawaida kwa injini za aina hiyo. Mama Bobini aliwaamini wote watatu, na zaidi akaamini kwamba kosa ni lake.

Alasiri, akiwa peke yake uani, alifungua tenki akachovya kidole. Akakisugua na kidole gumba. Petroli ikakauka, ikaacha ngozi kavu. Hapakuwa na utelezi hata kidogo.

"Mafuta ya mashine nayashika kila siku ya Mungu," anasema. "Kidole changu kwenye mafuta hakidanganyiki. Ile ilikuwa petroli tupu. Oili haikutiwa."

Kwa siku mbili hakumwambia mtu, hata mumewe. Alikuwa akipita mbele ya nyumba ya mzee akiinamisha kichwa kama aliyeiba. Siku ya tatu alikwenda, akaketi chini, mzee yuko kitini.

"Baba, naomba kuuliza, usinione nimekosa adabu. Jumamosi ile, oili ulitia?"

"Nilitia," mzee alijibu upesi.

Akatazama kikombe chake cha kupimia oili kilichokuwa dirishani. "Nadhani nilitia."

Kilichofuata, Mama Bobini anakisimulia kwa sauti ya chini. Mzee alimwambia kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mwezi mmoja kabla ya hapo alitia oili mara mbili, moshi ukatoka mtaa mzima ukakohoa, watu wakacheka naye akacheka nao. Usiku akashindwa kulala. Hapo ndipo alipoamua kuitoa pikipiki.

"Akasema, 'Nilikupa ili itoke mikononi mwangu kabla sijamuua mtu. Kumbe nikaendelea kuichanganyia mafuta mwenyewe. Nilitaka kuokoa watu wa barabarani, nikakaribia kukuua wewe.'"

Anajifuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Mtu huyo utamwambia nini? Alichokisahau kilitaka kuniua, na alichonifundisha ndicho kilichoniokoa. Mpaka leo sijui nimshukuru wapi na nimlaumu wapi. Nikianza hili, lile linanishika shati."

Mumewe amekwisha kumpeleka mzee hospitali, na wameambiwa warudi kwa vipimo zaidi. Pikipiki ya zamani imerudi chumbani kwa mzee, haina plagi. Mzee mwenyewe ndiye aliyeitoa plagi hiyo na kumkabidhi mwanawe.

Wiki iliyopita Mama Bobini alinunua ile ya mipigo minne. Anakataa kabisa kusema kwamba Taratibu alikuwa sahihi.

"Mimi kichwa changu kimejaa vyerehani vya watu," anaeleza. "Siku ya haraka nami nitasahau kikombe. Hii oili yake inakaa humo ndani ya injini. Naikagua Jumapili, inanitosha wiki. Nimetafuta mashine itakayonivumilia. Lakini usiandike kwamba nina uhakika! Juzi imezima mara nne kilimani mbele ya wanafunzi wenzangu, na moyo ukakumbuka wepesi wa ile nyingine."

Vidole viwili bado viko juu ya klachi. Taratibu bado anafoka.

Mtihani wa leseni ni Jumatano. Akifaulu, Jumanne itakayofuata anataka kuwa chuoni saa moja na nusu, nusu saa kabla ya wakati, apate kuvisikiliza vyerehani vyote 32 kukiwa kimya. Mkuu wa chuo amekwisha kumtengea meza.

Kuna jambo moja, anasema, ambalo hakulitarajia. Kila asubuhi akipita kusalimia, mzee humuuliza swali lilelile: "Hivi mwanangu, uliamua kuchukua ipi?" Naye hujibu upya, kana kwamba hajawahi kuulizwa. Siku nyingine mzee humpa mkono na kumwombea heri. Siku nyingine hununa, akaanza kumweleza tangu mwanzo uzuri wa mipigo miwili, naye huketi akasikiliza hadi mwisho.

"Juzi aliniambia nimekosea. Jana akanibariki," anasema, akivaa kofia ngumu tayari kwenda mazoezini. "Leo sijapita bado. Ngoja nikamsikie anasemaje."