Kito cha Katikati

Kitinda mimba wa Mama Shanga alikuwa amemeza kito chekundu cha katikati ya mkufu wa bibi harusi, mteja wa mama yake, na mkufu wenyewe unachukuliwa leo saa sita. Siku mbili mama mtu alichokoa poti kwa kijiti, pua kaiziba kwa leso. Asubuhi hii kito kikaonekana, kinang'aa bila aibu. Akakisugua kwa sabuni, siki na dawa ya meno, akakitunga huku nusura atapike.

Saa sita bibi harusi alifika, akakikagua. "Dada, si plastiki hii?" Kabla hajajibiwa, akaking'ata. "Kigumu! Tena kinanukia vizuri."

"Usimeze tu, mdogo wangu," alisihi Mama Shanga. "Mimi sichokoi tena."