Sadaka ya Amani Iliyoliwa na Wageni

Mchungaji wetu wa Igamba ana kipaji cha kufundisha jambo na kulibomoa kabla kwaya haijakaa. Jumapili moja kabla ya sikukuu ya mavuno alitufundisha sadaka ya amani ya Waisraeli. Akasema Kristo amekwisha kuwa amani yetu, damu ya wanyama haihitajiki tena, na anayechinja ili apate kibali bado hajaielewa Injili. Tukaitikia amina. Dakika kumi baadaye akatangaza kwamba Jumapili ijayo kila mwenye moyo wa amani aje na alichojaliwa zizini. Nikawaza kwamba mbuzi wa Mbozi hawajafikishiwa hiyo habari njema.

Lakini nisimcheke yeye peke yake, maana mjinga aliyemfunga mbuzi kamba alikuwa mimi.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa hatusemeshani kwa misimu mitatu ya kahawa. Baba alituachia mashine moja ya kumenyea, ile ya kuzungusha kwa mkono, tuitumie kwa zamu. Zamu yake ilipofika, mimi nilikuwa bado na magunia yangu, nikamwambia asubiri kidogo. Hicho kidogo kilichukua siku mbili. Kahawa yake mbivu ikapata joto ndani ya magunia, ikachacha, na alipokuja kuimenya ilinuka uani kote. Sikumwomba radhi. Nilimwambia kosa ni lake, kwa nini aliwahi kuichuma. Ndiyo, nilisema hivyo, mtu mzima na ndevu zangu. Tangu hapo tukawa tunapishana njiani kila mmoja akitazama migomba ya upande wake.

Mama anaishi kwangu. Miguu imemchoka, macho yameingia ukungu, na alikuwa na ombi moja tu: atuone wanawe wawili tukila sinia moja kabla hajafa. Aliniambia hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kukwepa kukaa naye barazani.

Basi nikaona nimepata njia. Nilimchagua beberu mwekundu, aliyenenepa vizuri, nikampeleka kwa mzee wa kanisa na kumweleza kwamba ni sadaka ya amani, kwa ajili yangu na mdogo wangu. Nilidhani atatuombea kimyakimya. Nilisahau kwamba mzee yule akishika kipaza sauti huwa hakirudishi kwa hiari.

"Ndugu yetu huyu," alinguruma siku ya sikukuu, "ametoa beberu ili Mungu ampatanishe na mdogo wake! Mdogo mtu yuko wapi? Simama tukuone!"

Mdogo wangu alikuwa benchi la dirishani. Kanisa zima likageuka likipiga makofi. Alisimama kweli, akachukua kofia yake, akatoka nje. Makofi yaliendelea, kwa sababu waliokaa mbele walidhani anakuja madhabahuni. Mimi nilibaki nimesimama pale mbele nikitabasamu, na sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Beberu wangu aliliwa nyuma ya kanisa, kwa pilau, na wageni waliotoka Tunduma kwa magari mawili. Paja la kulia lilikwenda kwa mchungaji, maana mstari huo wa Walawi anaujua bila kufungua kitabu. Paja la pili liliingia kwenye friza ya yule mzee wa kipaza sauti. Mimi mtoaji nilirudishiwa kamba.

Mama alikuwa ananisubiri.

"Mmekula pamoja?"

"Wamekula wageni, mama."

"Basi tumshukuru Mungu, wageni wa Tunduma wamepatana."

Nilipomweleza kwamba mdogo wangu alitoka nje, hakutania tena. Aligeukia ukutani na akakataa chakula. Iliniuma kuliko kelele zote za kanisani.

Kesho yake nilifungua Walawi kwa hasira, nikitafuta la kumkamata nalo mchungaji. Nikakamatwa mimi. Kumbe sadaka ya kuteketezwa yote huenda na moshi, lakini ya amani ni karamu: mafuta ni ya Mungu, kuhani anapata fungu lake, na nyama inayobaki anaila mtoaji na watu wake. Tena ile ya shukrani huliwa siku hiyohiyo, haibaki mpaka asubuhi. Nikapiga picha akilini, mtu na mkewe wametazamana na ng'ombe mzima, na jua linakwenda. Atafanyaje? Ataita majirani, na wale wazuri wakishashiba, itabidi amwite hata yule asiyemsalimia. Sheria ile haikuacha nafasi ya friza.

Sisi Wakristo tunaimba kwamba Meza ya Bwana ni moja, kisha tunachagua foleni ambayo adui yetu hayumo. Nimefanya hivyo misimu mitatu, na uso wa unyenyekevu. Yesu alisema uiache sadaka uende kwanza kwa ndugu yako; mimi nilimwacha ndugu nikaenda na sadaka.

Jumamosi nilichinja mbuzi mwingine, nyumbani. Nikavuka kijito mwenyewe, nikamkuta mdogo wangu anafunga nyavu za kichanja chake cha kuanikia.

"Mama anakuita ukale," nilimwambia. Nilimtanguliza mama kwa sababu mimi ni mwoga.

Alikuja na mkewe, kwa heshima ya mama. Mke wangu akaweka sinia, ugali na nyama, mama katikati yetu. Mdogo wangu alinawa mikono, akaketi, hakugusa kitu.

"Kaka, nyama nimeiona. Umeniitia nini?"

Nikaanza kumweleza habari za Waisraeli, mafuta ya Mungu, fungu la kuhani. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Mama akanikatiza.

"Mwanangu, Waisraeli hawakuozesha kahawa ya mtu."

Nilitazama vidole vyangu kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nilikosa," nikasema. "Niliozesha kahawa yako."

Mdogo wangu akanitazama usoni, mara ya kwanza kwa misimu mitatu.

"Mbuzi wawili, kaka," akasema. "Mbuzi wawili wamekufa ili wewe useme maneno manne."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Mimi nililia, mbele ya wake zetu, na sikujifuta. Mdogo wangu akamega ugali, akachovya mchuzi, akamwekea mama mkononi. Kisha akala.