Kamba ya Motokaa Nyekundu

Mume wangu alikuwa mtu mwema. Hakunywa kupita kiasi, hakunipiga, na shambani alikuwa wa kwanza kufika. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona kitu kinachong'aa, akili inamruka. Mwaka ule ulimshika kwa motokaa.

Ilikuwa ya mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa jirani yetu, hapa Mbozi, ambaye alikuwa anarudi kwao Ulaya na kuuza kila kitu. Motokaa yenyewe ilikuwa ya kukimbia: nyekundu, fupi, imeinama chini, viti viwili tu, na haina paa. Narudia, haina paa. Lilikuwapo turubai la kukunjua, lakini panya walikwisha kulimaliza.

Nalitaja hilo kwa sababu nyumba yetu nayo paa lilikuwa la kusema tu. Nyasi zilikuwa zimeoza, na mvua ikinyesha tulihama na vitanda kutoka kona hadi kona. Mume wangu aliniahidi bati. Fedha ya kahawa ya mwaka wa kwanza akanunua baiskeli. Ya mwaka wa pili akanunua gramafoni. Ya mwaka wa tatu ilikuwa bado kibuyuni, shilingi mia tisa, mawingu yameanza kukusanyika, na yeye ananisimulia motokaa.

"Tutakwenda nayo Tunduma," akasema. "Ndugu zangu wa ng'ambo ya mpaka watatuona."

"Baba watoto, na hawa watano watakaa wapi?"

"Watatungoja nyumbani."

"Ndani ya maji?"

Akatoka kwenda kuitazama tena. Na kuendesha kwenyewe alikuwa hajui.

Mzungu alitaka shilingi elfu mbili. Ni nyingi? Ni chache? Hatukumjua mtu aliyewahi kununua motokaa kuukuu. Mume wangu akaamua kumchukua baba yake, kwa kuwa mzee alikuwa bingwa wa bei za ng'ombe. Watu walimwita kutoka mbali aje kutazama fahali. Hapo nikakwama. Mimi ni Mndali wa Mbebe, na kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe. Akija njiani, unaingia porini. Akiingia mlangoni, unatokea uani. Nilikuwa na miaka tisa ya ndoa, na mzee hajauona uso wangu wala kusikia sauti yangu. Sasa nani angezitetea bati zangu?

Nikatangulia. Banda la motokaa lilikuwa pembeni mwa shamba la mzungu, nami nikajipenyeza katikati ya miti ya kahawa, nikachutama.

Mzee alianza kazi kama kawaida yake. Akaizunguka motokaa mara mbili. Akaipapasa mgongo. Akainama kutazama meno, yaani vile vyuma vya mbele, akakuta mawili yameng'oka.

"Si mchanga huyu," akasema.

"Motokaa mzuri sana!" mzungu akasema. "Kimbia sana!"

"Anayekimbia sana hufungwa na nani? Tena tumbo linagusa ardhi. Ng'ombe mwenye tumbo hili ana mimba au ana minyoo." Akafikiri kidogo. "Mimba hana."

Ikapungua mia tatu kwa minyoo. Meno mia mbili. Mgongo wazi, mia mbili nyingine. Kisha mzee akataka itembezwe, ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima, na mzee akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Mzungu alikuwa amechoka na alikuwa na safari. Walipofika mia tisa akasema basi, hashuki tena, na mume wangu akakifungua kibuyu. Nikaona bati zangu zinaondoka. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka.

Kusema na mzee ni mwiko. Kusema na mti, hakuna aliyenikataza. Nikaushika mti wa kahawa uliokuwa mbele yangu nikauambia kwa sauti:

"Wewe mti, hebu niambie. Siku hizi ng'ombe anauzwa bila kamba yake?"

Mzungu akaruka. "Nani iko ndani ya kahawa?"

"Hakuna mtu, bwana," mume wangu akasema, jasho linamtoka.

"Ni kahawa," mzee akasema, amegeukia upande mwingine kwa heshima. "Nayo imesema kweli. Kwetu ng'ombe hutoka na kamba yake."

"Motokaa hapana kamba!"

"Usiku inafungwa wapi?"

"Hapa, ndani ya banda."

"Basi hiyo ndiyo kamba."

Mzungu akaliangalia banda lake. Akazitazama bati juu yake, ishirini, hazina kutu. Akamtazama mzee, akautazama ule mti wa kahawa, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. Kwenda nalo Ulaya hawezi. Akasema, chukua yote.

Wanaume wanane waliisukuma motokaa mpaka kwetu, mume wangu ameshika usukani kama gavana. Wengine wanne walifuata na bati vichwani. Mimi nilipita njia ya mkato ili wanikute jikoni.

Mvua ilipokuja ilikuja kwa hasira. Motokaa ilijaa maji hadi kwenye viti, na watoto wangu wakaogea humo. Tunduma haikufika hata siku moja. Mume wangu alisimama dirishani akiitazama kwa uchungu, lakini alisimama pakavu, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sikuijua tangu niolewe.

Katikati ya mvua hiyo mzee alikuwa anapita, akaja kujikinga chini ya upenu wetu. Nikajivuta nyuma ya ukuta. Mlangoni palikuwa na mti mmoja wa kahawa, nikasikia anauambia:

"Wewe mti, hivi motokaa ile ilituchukua shilingi ngapi?"

Nikaugeukia mtungi wangu nikaujibu kwa sauti ya kutosha:

"Mtungi, kama kuna anayeuliza, mwambie tulinunua bati ishirini. Motokaa tulipewa nyongeza."

Juu ya kelele zote za mvua kwenye bati, nilimsikia baba mkwe wangu anacheka.