Vifuko Visivyoyeyuka

Maabara nzima tunamwita Mama Hamira, na jina halimkeri. Mikono yake inanukia donge la mkate ambalo halijaokwa. Kila asubuhi huziosha hamira zake, akaziondolea sukari yote, na kabla ya kufunga chupa huziambia kwa sauti ya chini, “Mniwie radhi.” Zikishashinda njaa hadi mchana, huinama kwenye hadubini. Hamira yenye njaa hujila yenyewe: hufunga vipande vya mwili wake katika vifuko, ikavimeza, vikayeyukia katika kitumbo chake. Hizi zake zina upungufu wa mafuta kwenye utando, kwa hiyo vifuko hufika tumboni vikabaki vizima. Huvihesabu kwa midomo tu, kidole gumba kikisugua ukingo wa meza.

Alirudi kazini siku ya nne baada ya kumzika pacha wake. Mimi ninayeosha chupa nina mdomo usiojua kunyamaza, nikamwambia lile tunaloambiana sote: “Meza machungu, dada, maisha yaendelee.” Alisogea kando, akanipisha kwenye hadubini. Niliona duara angavu, na ndani yake vitone vikichezacheza, havitulii wala havipasuki.

“Zimemeza tangu asubuhi,” alisema. “Niambie kama umeona kilichoyeyuka.”

Nilitazama mpaka jicho likaniuma. “Hakuna, dada,” nikasema, na safari hii sikuongeza neno.